Lundo la Mchanga na Mstari Ulionyooka: Historia Fupi ya Kanuni ya Kipeo katika Lugha, Ardhi na Soko

0. Utangulizi

Mwanaisimu anayehesabu maneno ya kitabu, mwanajiolojia anayehesabu matetemeko ya ardhi na mwanauchumi anayehesabu mapato ya watu hawakai katika kitivo kimoja, wala hawasomi vitabu vilevile. Hata hivyo, tangu mwisho wa karne ya 19, wote watatu wamekuwa wakichora mchoro mmoja: mstari ulionyooka unaoteremka kutoka kushoto kwenda kulia. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mchoro huo ulivyogunduliwa mara kadhaa na watu wasiojuana, jinsi mwaka 1987 ulivyopewa chanzo kimoja kinachodaiwa kuwa cha wote, na jinsi dai hilo lilivyojaribiwa na kupunguzwa.

Hoja yetu ni kwamba mbele ya mstari huo mtafiti hana budi kutenganisha maswali matatu: ni mangapi? kwa nini? na lini? Mstari hujibu la kwanza. La pili hulidokeza tu. La tatu haulijibu kabisa. Historia tutakayoisimulia ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliopata jibu la swali moja wakadhani wamepata majibu ya yote. Jambo hili si la wanahisabati peke yao. Linamhusu mtafiti wa Kiswahili, na linawahusu wakazi wa Bukavu, Uvira na Kalemie, ambao nyumba zao zimejengwa katika bonde la ufa.

1. Kanuni ya kipeo ni nini?

Tuanze na jambo jepesi. Urefu wa watu wazima hukusanyika karibu na wastani. Mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa kwa uhakika, Mmarekani Robert Wadlow aliyefariki mwaka 1940, alikuwa na mita 2.72, yaani hakufikia hata mara mbili ya urefu wa mtu wa kawaida. Hakuna anayetazamia kukutana njiani na mtu wa mita 17. Katika mambo ya namna hii, ajuaye wastani anajua karibu yote.

Mapato, miji, maneno na matetemeko hayako hivyo. Tajiri mmoja anaweza kumzidi jirani yake mara elfu moja, na tetemeko moja linaweza kutoa nguvu kuliko yote madogo ya miaka mingi yakijumlishwa. Hapa wastani hausemi mengi.

Kanuni ya kipeo husema hivi: ukubwa ukizidishwa kwa kiasi fulani, idadi ya vitu vinavyoufikia hugawanywa kwa kiasi fulani kisichobadilika, popote uanzapo kuhesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: kila ukubwa ukiongezwa mara mbili, idadi hugawanywa kwa nne. Basi kutoka 10 hadi 20 idadi itagawanywa kwa nne, na kutoka milioni 10 hadi milioni 20 itagawanywa kwa nne vilevile. Hakuna mpaka ambapo madogo yanakoma na makubwa yanaanza. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba mambo hayo hayana kipimo maalum. Ukiyachora kwenye karatasi ya logi, yaani karatasi ambayo kila hatua ni kuzidisha badala ya kujumlisha, unapata mstari ulionyooka. Mteremko wa mstari huo ndio unaotupa kipeo.

2. Wagunduzi wasiojuana

Wa kwanza tunayemtaja ni Vilfredo Pareto, mhandisi wa Kiitalia aliyekuwa mwanauchumi na mwalimu katika chuo cha Lausanne, Uswisi. Katika mafunzo yake ya uchumi yaliyochapishwa mwaka 1896 na 1897, alipanga takwimu za mapato za nchi na miji mbalimbali akapata mstari wenye kipeo kinachokaribia 1.5. Maana yake ni kwamba kiwango cha mapato kikiongezwa mara mbili, idadi ya watu wanaokizidi hupungua karibu mara tatu. Alipoona mahali pengi panafanana, Pareto alichukua ufanano huo kuwa dalili ya nguvu iliyo chini kabisa ya taasisi na siasa, katika maumbile ya wanadamu. Tuikumbuke hatua hiyo ya kutoka kwenye mchoro hadi kwenye sababu bila daraja katikati, maana tutaikuta tena.

Mwaka 1913 mwanafizikia Felix Auerbach wa Jena, Ujerumani, alipanga miji kwa ukubwa wake, akaona kuwa nafasi ya mji ikizidishwa kwa idadi ya wakazi hutoa jibu linalokaribia kuwa moja kwa miji yote. Mwaka 1916 Mfaransa Jean-Baptiste Estoup, mtaalamu wa hati-mkato, aliandika jambo la aina hiyo kuhusu maneno. Kwa fundi wa hati-mkato hesabu hiyo ilikuwa na faida ya wazi: maneno machache yanayorudi kila mara ndiyo yanayostahili alama fupi kuliko yote.

Aliyeipa kanuni hiyo jina katika isimu ni George Kingsley Zipf, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika vitabu vyake vya mwaka 1935 na 1949. Mfano wake maarufu ni riwaya ya James Joyce iitwayo Ulysses, yenye maneno 260,430, ambayo kati yake 29,899 ni tofauti. Neno la nafasi ya 10 lilitokea mara 2,653. La nafasi ya 100, mara 265. La nafasi ya 1,000, mara 26. La nafasi ya 10,000, mara 2. Msomaji azidishe mwenyewe nafasi kwa idadi, ataona jinsi majibu yanavyokaribiana.

Zipf hakutosheka na kuhesabu. Alidai kuwa chanzo ni uchache wa juhudi: msemaji angependa kutumia maneno machache kwa kila kitu, msikilizaji angependa kila maana iwe na neno lake, na lugha hukaa mahali ambapo wawili hao wanapatana. Ni maelezo mazuri, na huenda yana ukweli ndani yake. Lakini mwaka 1955 Herbert Simon alionyesha njia nyingine: ikiwa neno lililokwisha kutumiwa sana lina nafasi kubwa zaidi ya kutumiwa tena, na maneno mapya yakiingia kidogo kidogo, mstari uleule utajitokeza, bila msemaji wala msikilizaji kutafuta nafuu. Mwaka 1957 mwanasaikolojia George Miller alikwenda mbali zaidi. Alionyesha kuwa hata nyani anayebonyeza taipureta ovyo, tukikubali kuita neno kila mfululizo wa herufi ulio kati ya nafasi mbili tupu, atatoa mstari unaokaribia ule wa Zipf.

Basi tuna msemaji mwenye busara, tuna mazoea yanayojirudia, na tuna nyani asiye na nia yoyote. Nao wote wanaacha alama moja. Atakayeiona alama peke yake hawezi kusema ni nani kati yao aliyepita.

3. Neno ni nini? Mtazamo wa Kiswahili

Wanaisimu wa lugha za Kibantu wana la kuongeza hapa. Kabla ya kuhesabu maneno ni lazima kukubaliana neno ni nini, na Kiswahili hakiruhusu swali hilo lipitiwe haraka.

Tutazame kihusishi cha «-a». Katika Kiswahili sanifu hujitokeza kama wa, ya, cha, vya, la, za, pa, kwa na mwa, kufuatana na ngeli ya nomino inayotangulia. Anayehesabu maumbo ataweka ya na wa karibu na kilele cha orodha, na cha na vya mbali chini yake. Anayehesabu mofimu atayaunganisha yote kuwa neno moja, na sura ya kilele chote cha orodha itabadilika. Tukitoka kwenye usanifu na kusikiliza Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi, ambako ya mara nyingi huchukua nafasi ya cha, vya na la, tutapata orodha ya tatu, hata pale ambapo habari inayoelezwa ni ileile.

Vitenzi vinatuonyesha jambo hilo kwa upande wa mkia. Anasoma, walisoma, hawajasoma, atakayesoma na tusomeane ni maumbo matano ya mzizi mmoja. Ukiyahesabu kama maneno matano, utapata mkia mrefu wa maneno yaliyotokea mara moja tu. Ukihesabu mizizi, mkia huo unafupika na mteremko unabadilika. Ndiyo sababu Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotaka kompyuta isome matini nyingi za Kiswahili, alilazimika kwanza kuitengenezea programu ya kuchanganua viambishi. Hata hesabu ya Ulysses ilifuata uamuzi wa namna hii, kwani kila umbo lilihesabiwa kuwa neno lake.

Hatusemi kwamba kanuni ya Zipf ni uongo. Tunasema kwamba kipeo hakitoki katika kitabu peke yake. Hutoka katika kitabu pamoja na uamuzi wa anayehesabu. Mtafiti atakayelinganisha kipeo cha Kiswahili na cha Kifaransa bila kueleza alichokiita neno atakuwa amelinganisha mikono miwili ya kuhesabu na kuiita lugha mbili.

4. Ardhi na soko

Tukitoka kwenye lugha, mambo mawili yalitayarisha njia ya mwaka 1987. La kwanza ni kazi ya Beno Gutenberg na Charles Richter huko California. Mwaka 1944 walionyesha kuwa katika eneo lenye matetemeko, kila kipimo kikipanda kwa hatua moja idadi hupungua karibu mara kumi. Palipo na matetemeko 1,000 ya kipimo cha 3 au zaidi, hutazamiwa karibu 100 ya kipimo cha 4 au zaidi, na karibu 10 ya kipimo cha 5 au zaidi. Kumbe kila hatua ya kipimo huzidisha nguvu inayotolewa karibu mara 32. Kwa hiyo madogo, ingawa ni mengi mno, hayawezi kuumaliza mzigo wa ardhi kwa niaba ya makubwa.

La pili ni kazi ya Benoît Mandelbrot, mwanahisabati aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924, akasoma Ufaransa, kisha akafanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Mwaka 1963 alichapisha uchunguzi juu ya bei za pamba. Wanauchumi wengi walikuwa wakidhani kuwa mabadiliko ya bei yanakaa karibu na wastani kama urefu wa watu. Mandelbrot aliona miruko mikubwa ikitokea mara nyingi kuliko dhana hiyo inavyoruhusu, na kwamba mabadiliko ya siku na ya mwezi yanafanana kwa sura.

5. Lundo la mchanga

Mnamo Julai 1987 wanafizikia watatu wa maabara ya Brookhaven, katika jimbo la New York, yaani Per Bak kutoka Denmark, Chao Tang na Kurt Wiesenfeld, walichapisha makala fupi iliyojaribu kuyakusanya mambo haya chini ya paa moja.

Wanafizikia walikuwa wakijua tangu zamani kuwa kanuni za kipeo hujitokeza katika hali ya ukingoni. Maji, kwa mfano, yakifikishwa kwenye joto la digrii 374 chini ya mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara 200, hufika mahali ambapo tofauti ya maji na mvuke hutoweka. Lakini kuyafikisha hapo kunahitaji mkono wa kurekebisha joto na mgandamizo kwa uangalifu mkubwa. Ardhi na soko havina mkono kama huo. Ni nani basi anayevifikisha ukingoni?

Jibu la watatu hao lilikuwa kwamba vinafika vyenyewe. Mfano wao wa hesabu huelezwa hivi. Chukua ubao wa miraba kama wa drafti, udondoshe punje moja moja mahali popote. Mraba ukifikisha punje nne, humwaga moja kwa kila jirani. Jirani akijaa, naye humwaga. Na punje zikifika pembeni huanguka nje. Mwanzoni hakuna linalotokea. Baadaye lundo hufikia hali ambayo punje moja inaweza kutotikisa chochote, au kuangusha miraba michache, au kuleta poromoko linalovuka ubao mzima. Idadi ya maporomoko kwa ukubwa hufuata kanuni ya kipeo, na hakuna aliyerekebisha kitu. Hali hiyo waliiita, kwa maneno yetu, ukingo unaojipanga wenyewe.

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo inaishia pale kibaba kinapojaa. Bak na wenzake waliuliza kinachofuata, kibaba kikisha kujaa na mkono ukaendelea kutia. Jibu lao lina uzito kwa mwanahistoria, kwa kuwa punje iletayo poromoko kubwa haina tofauti na punje isiyoleta kitu. Sababu ya msiba mkubwa haipo katika punje ya mwisho, bali katika hali ya lundo lote.

Miezi mitatu hivi baada ya makala hiyo, tarehe 19 Oktoba 1987, faharasa ya Dow Jones ya soko la hisa la New York ilianguka kwa asilimia 22.6 katika siku moja, bila habari yoyote ya siku hiyo inayolingana na ukubwa wa anguko. Wengi waliona ni lundo la mchanga. Mwaka 1993 Bak mwenyewe, pamoja na Kan Chen, José Scheinkman na Michael Woodford, alitoa mfano wa uchumi ambamo maagizo madogo ya bidhaa hupita kutoka kiwanda hadi kiwanda na kujikusanya kuwa mawimbi makubwa.

6. Mchanga wa kweli na punje za mchele

Bak alikuwa mwandishi mwenye ujasiri, na kitabu chake cha mwaka 1996 kilidai kwamba huu ndio utaratibu wa maumbile yote. Lakini tangu mwaka 1989 Heinrich Jaeger, Chu-heng Liu na Sidney Nagel huko Chicago walikuwa wameonyesha kuwa mchanga wa kweli haukutii. Punje za mchanga zikishaanza kuteremka hushika kasi na kupitiliza, hivyo lundo hutoa maporomoko makubwa yanayorudi kwa vipindi, si ya kila ukubwa.

Mwaka 1996 watafiti wa Oslo walijaribu kwa mchele. Punje ndefu, zinazoshikana na kutulia upesi, zilifuata kanuni. Punje fupi zaidi hazikuifuata. Jaribio hilo halikuliua wazo la Bak, ila lilionyesha mipaka yake: ukingo hujipanga wenyewe katika baadhi ya malundo, kwa kutegemea jinsi punje zinavyogusana.

Pigo la pili lilitoka kwa wanatakwimu. Mwaka 2009 Aaron Clauset, Cosma Shalizi na Mark Newman walipima upya seti 24 za takwimu zilizokuwa zikidhaniwa kufuata kanuni ya kipeo. Baadhi zilistahimili, nyingine zilikataa, na katika nyingi kanuni nyingine ilieleza takwimu karibu kwa ubora uleule. Mistari mingi iliyosifiwa kuwa imenyooka ilikuwa imenyooka machoni tu. Upande wa mapato nako, Mfaransa Thomas Piketty, katika kitabu chake cha mwaka 2013, alionyesha kuwa sehemu ya mali iliyoshikwa na matajiri wa Ulaya na Marekani ilishuka sana kati ya 1914 na 1945, kisha ile ya mapato yao ikapanda tena baada ya 1980, hasa Marekani. Kile ambacho Pareto alikiona kuwa cha maumbile kiliguswa na vita, kodi na sheria.

7. Mangapi, kwa nini, lini

Turudi kwenye maswali yetu matatu. Juu ya swali la lini, somo kali lilitoka Parkfield, kijiji cha California. Matetemeko ya kipimo kinachokaribia 6 yalikuwa yametokea hapo mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Kwa kufuata vipindi hivyo, mwaka 1985 wataalamu wa serikali ya Marekani walitangaza kuwa jingine litakuja kabla ya 1993, kwa uwezekano wa asilimia 95, na vyombo vya kupimia vikatandazwa. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004. Ukubwa ulikuwa kama walivyotazamia, siku haikuwa.

Juu ya swali la kwa nini, soko la 1987 linatufundisha kutolala katika mfano wa lundo. Tume iliyoongozwa na Nicholas Brady iliripoti mnamo Januari 1988 kuwa taasisi chache kubwa zilikuwa zikiuza kwa utaratibu uliokwisha kupangwa: bei ikishuka, uza, ikishuka zaidi, uza zaidi. Yaani lundo lilikuwa na waliolijenga. Mwaka huohuo soko la New York likaweka kanuni za kusimamisha biashara bei zinapoanguka kupita kiasi. Anayesema kuwa kila anguko ni la maumbile huwapumzisha wale waliokuwa wakiujenga mteremko.

Linabaki swali la mangapi, nalo ndilo lenye faida ya karibu kwetu. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea katika ziwa Tanganyika, likaangusha nyumba Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 lingine, la kipimo cha 5.9, liliipiga Bukavu na upande wa Rwanda wa ziwa Kivu, na watu wakafa katika nchi zote mbili. Mstari wa Gutenberg na Richter hauwezi kumwambia mkazi wa Bukavu siku ya tetemeko lijalo, na asimwamini anayedai kuijua. Lakini kutokana na hesabu ya madogo, ambayo hayaangushi hata kikombe mezani, mstari huo unaweza kukadiria makubwa mangapi yatazamiwe katika muda wa maisha ya nyumba moja ya matofali. Kwa mwashi, kwa mhandisi na kwa mwenye kutoa kibali cha kujenga shule, hilo ndilo swali, na lina jibu. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Na asiyehesabu madogo hana njia ya kuyakadiria makubwa.

8. Hitimisho

Tumeona kuwa kanuni ya kipeo iligunduliwa na mwanauchumi, mwanafizikia, fundi wa hati-mkato na mwalimu wa lugha, kila mmoja kwa njia yake. Kwamba lundo la mchanga la 1987 liliwapa chanzo kimoja. Na kwamba mchanga wenyewe, mchele na takwimu vilikipunguza chanzo hicho hadi kuwa kimoja miongoni mwa vingi. Bak alifariki mwaka 2002, na mjadala aliouanzisha ungali unaendelea.

Kwa watafiti wa Kiswahili kazi iliyo mbele ni ya kiasi lakini ni ya lazima. Matini za Kiswahili cha Kongo, zilizoandikwa na zilizosemwa, zihesabiwe mara mbili, kwa maumbo na kwa mizizi, na kila anayehesabu aandike wazi alichokiita neno. Mstari utakaotokea utatuambia ni mangapi. Kwa nini, itabidi tuendelee kuwauliza wasemaji.